Mapendo Abaki Nyuma

Baraka, siku moja kabla ya boti

Mapendo mwanangu,

Salamu tulipeana asubuhi, wewe ukiwa na mswaki mdomoni na mimi nikikukemea juu ya ndoo, kwa hiyo nitaziruka. Sasa umeenda Nundu kumuaga Koko, mama yangu. Nimefunga kibanda chetu cha kuchaji simu mchana kweupe, jambo ambalo hujaniona nikilifanya isipokuwa siku ya Pasaka, na watoto wa mtaa wanagonga bati kila saa: "Mama Mapendo, leo jeu hakuna?" Nimewajibu kwamba leo jeu limelala, mchezo wa televisheni nao unapumzika. Nimekaa kwenye kiti chako cha plastiki, mbele ya televisheni, na karatasi nimeiweka juu ya betri.

Kiswahili nitakachoandika ni kile nilichofundishwa kambini, ng'ambo ya ziwa, kwa sababu ndicho pekee ninachojua kukiandika. Ukiona nasema kama mwalimu, nivumilie. Nikikasirika nitarudi kwenye kile chetu.

Mambo ya kufua, ya kula, ya wanaume na ya homa siandiki. Nimeyapigia kelele wiki nzima, hata majirani wanayajua kwa kichwa. Hapa nataka kusema juu ya yule Mapendo mwingine, wa kwenye televisheni. Na juu ya kaka yako Asukulu, ambaye mizigo yake iko mlangoni pamoja na yako, ili apande boti nawe kesho kwenda Kalemie akakulinde huko shuleni, kwa sababu mimi nilisema hivyo. Siku ile nilipotangaza tulikuwa tunakula. Uliacha bukari nusu, ukainuka kwenda kuosha sahani ambayo bado ilikuwa na chakula. Mimi ni mama yako, sahani naisoma.

Unakumbuka lile jeu lilivyoingia kwetu? Mjomba wako alileta mashine ya kuchezea kutoka Uvira, pamoja na diski za mpira wa miguu, na mimi nikafurahi, maana watu waliokuja kuchaji simu sasa wangekaa. Chini ya mfuko kulikuwa na diski moja isiyo na mwenyewe. Kwenye kasha Kijapani kitupu, ndani Kifaransa. Vijana waliiweka, wakaona watu wenye nywele kama nanasi wanasema, wanasema, wanasema, na goli haliji. "Hii jeu iko na maneno mingi kama mukutano ya bazee ya kanisa," wakaitoa. Ni wewe uliyeirudisha, ukiwa bado na magoti ya vumbi. Ukawa unasoma Kifaransa kwa sauti, na mimi, huku nachomeka simu za watu, nageuza kwa Kiswahili na kuongeza chumvi yangu. Ndivyo tulivyoanza. Simu zilijaa moto wa betri na wenye simu hawakutoka.

Nitaisimulia tena, hata kama unaijua kuliko mimi. Napenda kuisimulia na leo hakuna wa kunikatiza. Kuna nchi ambayo ziwa lake linakimbia. Kila asubuhi maji yamerudi nyuma hatua kadhaa, mitumbwi imebaki kwenye matope, na mfalme anakataa kusema amelikosea nini. Papa Nesto, yule mzee Mrundi mwenye shamba la mihogo, alicheka siku ile hadi akakohoa. Sisi huku ziwa letu lilikuwa limepanda likaingia nyumba za watu, tunahamisha magodoro. "Mungu achanganye tu," alisema, "bale bachukue yetu, sisi tupate mahali ya kulima." Basi watu wanne wanatumwa kwenda milimani kwenye chemchemi, kuliomba ziwa msamaha. Kijana mwenye upanga mkubwa kuliko mwili wake. Kizee mwizi mwenye paka. Jitu la mawe ambalo halisemi ila kuguna. Na binti mwembamba mwenye fimbo, anayeponya wenzake.

Jeu linakuruhusu kuandika majina unayotaka, na hapo ndipo akili zetu za hapa zilipotuponza. Mjapani aliyelitengeneza alifikiri jina ni jina. Hakujua kwamba kwetu mtu mwenye jina lako ni majina wako: humpigi, humtukani, akija kwako unampa kiti. Kijana wa upanga tulimwita Asukulu, kaka yako akavimba kichwa. Kizee tukampa jina la Koko, na jitu la mawe wakampa la baba yako, kwa sababu ya kuguna. Mwenye fimbo akawa Mapendo. Nikaandika mimi mwenyewe, herufi kwa herufi, wewe ukinionyesha pa kubonyeza.

Tangu hapo ikawa kazi. Katika lile jeu wanapigana watatu, wa nne anasubiri nyuma. Kila aliyepigana anaongeza nguvu, aliyesubiri haongezi kitu. Kila mara vijana walipotaka kukuweka mbele, mimi nilipiga kelele kutoka kwenye nyaya zangu: "Mapendo abaki nyuma!" Mnyama akitokea, hata yule mdogo wa mwanzo anayefanana na donge la ugali: "Nyuma! Mutamuumiza mutoto!" Wakakuweka nyuma. Walikuwa wakikutoa baada ya vita, uponye vidonda, urudi kukaa. Nani angekataa? Umeme ni wangu.

Na ile sheria yangu nyingine je, unaikumbuka? Mama wa kwaya alikuja na simu yake, akakuta binti wa fimbo anatoa mwanga wa kijani, akaniuliza kama nimeanza kufundisha watoto uchawi. Nikamwambia, ee mama, hayo ni maombi. Kuanzia siku hiyo katika kibanda changu neno uchawi likafa. Moto tuliuita moto, barafu tukaiita barafu, na kile cha kijani tukakiita maombi. "Omba, Mapendo, Asukulu anakufa!" Kibanda kizima kinaitikia amina. Mama wa kwaya alirudi baadaye, na siku nyingine alirudi bila simu.

Sasa nikuambie kwa nini nilikuwa vile, maana hujawahi kuniuliza na mimi sikuwahi kusema.

Tulipovuka ziwa kukimbia vita nilikuwa mdogo. Koko alinilaza chini kabisa ya mtumbwi, nyuma, juu ya maji yaliyoingia, akanifunika kwa kitenge chake kilicholowa. "Kaa nyuma, usiinue kichwa." Sikuinua. Niliona miguu ya watu tu. Kuna waliokaa mbele ambao hatukufika nao, na zaidi ya hapo siandiki. Nilifika kwa sababu nilikaa nyuma, na kichwa cha mtoto kikishajifunza kitu namna hiyo hakisahau. Kambini nilikaa nyuma darasani. Nilijua majibu. Mwalimu aliuliza, mkono wangu ukabaki chini ya dawati umeshika mguu wa dawati. Walipotafuta watoto wa kupeleka sekondari walichukua waliowafahamu kwa majina. Mwalimu alinipita kama anavyopita nguzo. Nilirudi nyumbani, Koko akaniambia, "Afazali, uko muzima." Nikakubali kwamba afadhali. Nimekubali miaka mingi sana, mwanangu.

Simlaumu Koko. Kitenge kile kiliniokoa. Lakini hakuna aliyekuja kuniambia sasa tumefika, ondoa kitenge. Nilikaa nacho kichwani, nikaolewa nacho, na ulipozaliwa nikakufunika nacho na wewe.

Haya, turudi kwenye jeu, kabla sijalowesha karatasi.

Ulikuwa msimu wa mvua uliopita. Mwaka ule ulikuwa umekubaliwa shule kule Kalemie kujifunza umeme, na baba yako akaguna ule mguno wake wa kukubali, na mimi nikasema, mtoto abaki kwanza, mwaka ujao tutaona. Hukulia. Uliendelea kupanda juu ya bati kufuta pano za umeme wa jua wakati mimi niko sokoni, ukifikiri sijui. Nilijua. Betri haziwezi kujiponya zenyewe.

Basi kina Asukulu wa kwenye televisheni wakafika kwenye daraja la kamba. Katikati ya daraja kamba zikakatika. Upanga, kizee na jitu wakabaki juu. Aliyeanguka bondeni ni Mapendo. Peke yake, mbele ya pango la askari wa zamani ambao, ulitusomea, walikufa wakilinda chemchemi, mfalme akasahau kuwazika. Pale mlangoni pa pango palikuwa na jiwe la kuhifadhi safari, na Asukulu wetu, yule wa nyama, ambaye alikuwa ameshika maneti ya kuchezea, akahifadhi haraka moto wa betri usije ukakatika. Karte yetu ya kuhifadhia ilikuwa imejaa michezo ya mpira, ilibaki nafasi moja tu. Safari ya miezi yote ikafungiwa pale, mbele ya pango, na mtu mmoja tu wa kuingia. Mtu ambaye hajawahi kupigana hata na donge la ugali.

Akaingia. Askari wa kwanza, mifupa na kofia ya chuma, akainua panga mara moja. Televisheni ikaandika kwamba Mapendo ameanguka.

Wakarudia. Ameanguka. Wakarudia. Asukulu akampa dawa zote zilizokuwa mfukoni, akaanguka amezinywa. Mimi kila mara nilisikia jina lile, hadi nikazima televisheni mbele ya watu waliolipa. Siku iliyofuata ni vile vile. Watu wakaanza kunitazama. Hakuna aliyesema, maana wananiogopa, ila Papa Nesto tu, taratibu, akiwa anafunika simu yake na kofia: "Mama Mapendo, ule mutoto mulimuchunga sana." Nilimjibu vibaya. Nilimwambia aende akachunge mihogo yake. Kesho yake alikuja na bado alinisalimia, na hilo nalo lilinichoma.

Vijana wakaamua kufuta, waanze upya, safari hii bila majina ya watu. Ndipo ulipotoka nyuma, pale kwenye kona unapokaa na bisibisi yako, ukasema, "Munipe maneti."

"Weye?" Asukulu alicheka. "Weye haujawahi kupigana."

"Mi naangalia tangu siku mingi. Leta."

Ukaketi hapa nilipokaa. Askari akatokea. Vijana wakaanza: kimbia, kunywa dawa, mpige na fimbo! Mimi nimeshika waya, nimesahau kwamba nimeshika waya. Wewe ukafungua maombi. Kibanda kikakuambia, huna kidonda, unaomba nini? Ukapeleka mkono wa maombi hadi juu ya yule askari. Juu ya adui! Asukulu akapiga yowe. Mwanga wa kijani ukamfunika yule mtu wa mifupa, akashusha panga, akapiga goti, akayeyuka.

Hata mvua juu ya bati niliisikia.

Ukaenda kwa wa pili, ukamwombea. Wa tatu. Uliwapita mmoja mmoja, binti mwembamba mwenye fimbo, na hakuna aliyekugusa. Papa Nesto akavua kofia. "Kumbe balikuwa banataka kupumuzika tu," alisema, na mama wa kwaya akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Kila mtu wa pwani hii ana marehemu ambaye kaburi lake halijui. Mjapani yule alijuaje? Sijui. Labda na kwao wapo.

Nilikuuliza baadaye, tunafunga kibanda, umejuaje. Ukaniambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema chumvi imeisha: "Mama, ile siku Asukulu aliniachia maneti kidogo, nikakosea button, Mapendo akatoka mbele akaombea mufupa, mukacheka bote. Ule mufupa ulianguka. Hakuna mwenye aliangalia."

Nilikumbuka ile siku. Nilicheka kuliko wote. Nilisema, angalieni mutoto ya maombi, anaombea hata mufupa! Na nilipokuwa nacheka nilikuwa nimefunga macho, kwa hiyo sikuona kilichoanguka.

Sasa ungefikiri mama mwenye akili angejifunza hapo. Nilijifunza nusu. Nilikubali uende Kalemie, nikatangaza kanisani, nikapigiwa vigelegele. Halafu nikaanza kuhesabu hatari kichwani: boti, bandari, njia ya shuleni, wavulana wa shule ya umeme. Nikamwita Asukulu, nikamwambia aache pikipiki yake, aache mke wake mwenye tumbo la mwezi wa mwisho, akakae na wewe, awe mbele yako. Nikajiona nimefanya vizuri. Nimekutoa nyumbani na kitenge kichwani.

Kilichonizindua ni mkwe wangu, mke wa Asukulu. Alikuja jana kuniletea ndakala za safari, wale dagaa wakavu, akazimimina kwenye mfuko, akasema tu, "Za watu wawili, mama." Hakulalamika. Alishika mgongo wake akaondoka polepole. Nikabaki natazama zile ndakala, na usingizi sikuupata, nadhani uliniona nikijigeuza.

Kwa hiyo mchana huu nimemwita Asukulu. Nimemwambia atoe mizigo yake mlangoni. Aliniangalia kama mtu aliyefunguliwa jela, halafu akajaribu kusikitika kwa heshima, hakuweza. "Na Mapendo ataenda na nani?" akaniuliza. Nikamwambia ataenda na Mapendo. Nimemkataza kukuambia. Nilitaka ulione mwenyewe pale pwani, akikukabidhi begi na kurudi kwenye mchanga, kwa sababu nikikuambia uso kwa uso leo nitalia, na nikilia nitabadilisha mawazo. Najijua.

Usifikiri siogopi. Naogopa, Mapendo. Naogopa sasa hivi nikiandika. Kuna mambo yaliyoko mbele yako ambayo sitakuwa na majina yake wala dawa yake. Labda utaanguka. Katika jeu mtu akianguka anarudi kwenye jiwe, huku siwezi kukuahidi jiwe. Naweza kukuahidi kiti hiki. Hakuna atakayekikalia ila mimi, na Papa Nesto akiumwa miguu.

Kosa langu moja tu nataka ulichukue kama mzigo wa njiani, mengine yaache. Nilifikiri aliyeko nyuma hana anachofanya. Kumbe ulikuwa unaangalia. Yale uliyoyaona kutoka kwenye kona ile, wenye panga hawakuyaona. Huko uendako wapo watakaocheka ukikosea button, na labda mkubwa wao atakuwa na sauti kama yangu. Waache wacheke. Wewe tazama kilichoanguka.

Kabla ya kuchukua kalamu niliwasha televisheni. Sijawahi kushika maneti tangu siku ile ya kuandika majina, vidole vyangu ni vya kusafisha samaki. Nilipapasa hadi nikapata mahali pa kupanga watu. Jina lako lilikuwa bado la mwisho, hata baada ya pango, hakuna aliyekumbuka kukusogeza. Nimekusogeza. Nimekuweka wa kwanza, Asukulu nyuma yako na upanga wake. Tukatoka nje ya mji, likaja donge moja la ugali. Ulilipiga na fimbo. Nalo likakupiga, uhai ukapungua kidogo, na kidole changu kikaenda kwenye swichi. Sikuzima. Ulilipiga tena likafa, televisheni ikapiga ule muziki wake, ikaandika kwamba Mapendo ameongeza nguvu. Nikaimba nao, peke yangu kwenye kibanda kilichofungwa.

Barua hii naiweka chini ya ndakala, mahali ambapo hutafika kabla ya kuona njaa, na mimi najua unaona njaa boti ikishapita mawimbi makubwa ya kwanza na watu wengine wanatapika. Kwa hiyo unaposoma hapa nimekwisha kupiga kelele pwani. Najua nilipiga, sijawahi kumuaga mtu kwa sauti ndogo. Watu waligeuka, ukaona haya, na injini ilikuwa imewaka, kwa hiyo labda ulisikia jina lako tu na ukafikiri ni lile neno langu la siku zote.

Silo, mwanangu. Nilisema mbele.

Mama yako